Kizibo cha Gobori: Mahali Kutu Inapojificha

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo. Baruti humiminwa kutoka mbele, hufuatiwa na kitambaa na risasi, kisha vyote husukumwa hadi mwisho wa mtutu kwa mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia. Kwa kuwa kila kitu huingia kwa mdomo, upande wa nyuma wa mtutu hauna haja ya kufunguka, na kwa hiyo huzibwa. Katika bunduki zilizotengenezwa viwandani huzibwa kwa kipande cha chuma kinachokazwa kama parafujo. Kipande hicho ndicho kizibo. Ni kidogo, na sehemu yake kubwa haionekani kwa sababu imezama ndani ya mtutu na kufunikwa na ubao wa kitako. Lakini mtu anapolenga shabaha, jicho lake huwa karibu sana na kizibo kuliko sehemu nyingine yoyote ya mtutu. Kizibo kikiachia, nguvu iliyokusudiwa kwenda mbele hurudi usoni kwa mpigaji.

Magobori bado yamo katika nyumba za watu na katika majumba ya makumbusho ya Afrika Mashariki, na eneo la Kigoma na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, lina historia ndefu ya silaha hizo. Mengi kati yake yanapendeza kwa nje. Makala haya yanaeleza kwa nini kizibo huweza kuwa kimeoza ilhali mtutu unang'aa, ni dalili zipi zinazoonyesha hivyo, na ni njia zipi za kukinga chuma. Maelezo yake yanahitaji fizikia na kemia inayofundishwa katika shule za sekondari, wala si zaidi.

Bunduki zilivyofika Ujiji

Katika karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho cha njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupitia Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja. Richard Burton na John Speke walifika hapo Februari 1858 kwa kufuata njia hiyo ya wafanyabiashara. Henry Stanley alipoingia Ujiji mwezi Novemba 1871 akimtafuta David Livingstone, watu wake walipiga bunduki hewani kutangaza kufika kwao, kama ilivyokuwa desturi ya misafara yote.

Lugha ya Kiswahili imehifadhi historia ya silaha hizo katika majina yake. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi unaofuka moto. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe. Bunduki ya fataki iliwashwa kwa kikofia kidogo chenye kemikali, kilichopasuka kilipogongwa na nyundo ya mtambo. Zote tatu zilishindiliwa kwa mdomo, na zote tatu zilitegemea kizibo.

Idadi yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1888 Charles Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha za kizamani zilizotupwa na majeshi ya Ulaya baada ya kupata bunduki mpya. Kisha Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia kuingizwa kwa silaha bora katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, lakini ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida chini ya masharti. Ndiyo maana bunduki ya kushindilia iliendelea kutumika vijijini muda mrefu baada ya kusahauliwa kwingineko. Mafundi wa vijijini nao walijifunza kuikarabati, na hatimaye kuiunda wenyewe kwa mabomba.

Kazi ngumu ya kuziba nyuma

Kuziba nyuma ya mtutu si jambo jepesi. Kitabu kimoja cha Kijapani cha mwaka 1606 kinasimulia jinsi Wareno walivyofikisha bunduki katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543. Mhunzi wa kisiwa hicho aliweza kuiga mtutu, lakini alishindwa kuuziba upande wa nyuma. Ilimbidi kungoja mwaka uliofuata, meli nyingine ilipomleta fundi wa kigeni aliyemfundisha. Mhunzi huyo alikuwa bingwa wa kufua chuma, lakini parafujo ya ndani ya bomba ilikuwa elimu mpya kwake.

Hesabu ndogo itaonyesha sababu ya ugumu huo. Tuchukue mtutu wenye kipenyo cha ndani cha milimita 18. Eneo la uso wa kizibo ni 3.14 × 9 × 9, yaani milimita za mraba 254 hivi. Baruti inapowaka katika bunduki ya aina hii, kanieneo ya gesi huweza kufika kiasi cha nyutoni 50 kwa kila milimita ya mraba. Kani inayosukuma kizibo kurudi nyuma ni 254 × 50, yaani nyutoni 12,700. Hiyo ni sawa na uzito wa magunia karibu 13 ya mahindi, kila gunia likiwa na kilo 100, yakikandamiza kipande cha chuma chenye upana wa sarafu.

Kani hiyo yote hubebwa na nyuzi za parafujo, yaani ile mistari iliyochongwa kuzunguka kizibo kama ya bolti, ambayo huingiana na mistari mingine iliyochongwa ndani ya mtutu. Nusu ya nyuzi ikiliwa na kutu, nusu iliyobaki hubeba mzigo uleule, na kila uzi hupata mzigo maradufu. Aidha, kuna hatari ya pili ambayo haifikiriwi mara nyingi. Kizibo kizima hukaa imara katika kikalio chake, na gesi haipiti. Gesi ikipata upenyo wa kuingia kwenye nyuzi, hukisukuma kizibo kwa upana wake wote. Ikiwa kizibo kina kipenyo cha milimita 22, eneo linakuwa milimita za mraba 380, na kani inapanda hadi nyutoni 19,000. Hivyo kizibo kilichochakaa hupata mzigo ulioongezeka kwa nusu, wakati huohuo nguvu zake zikiwa zimepungua.

Kwa gobori la bomba hali ni mbaya zaidi. Kanieneo ya maji katika bomba la mjini kwa kawaida haizidi nyutoni moja kwa milimita ya mraba. Bomba lililokusudiwa kubeba maji halina dhamana yoyote ya kubeba baruti, wala msumari uliopigiliwa nyuma yake hauwezi kuitwa kizibo.

Chumvi haitoki ziwani

Watu wa pwani wanajua kuwa upepo wa bahari hula chuma. Maji ya Ziwa Tanganyika, hata hivyo, ni maji baridi, yasiyo na chumvi ya bahari. Chumvi inayokula kizibo cha gobori hutoka katika baruti yenyewe.

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, na shura ni naitreti ya potasiamu. Mwaka 1875 Andrew Noble na Frederick Abel wa Uingereza walichapisha matokeo ya majaribio ambamo waliwasha baruti ndani ya vyombo vya chuma vilivyofungwa kabisa. Waligundua kuwa kiasi cha asilimia 43 tu ya uzito wa baruti hugeuka kuwa gesi za kudumu. Asilimia 57 iliyobaki ni vitu yabisi. Sehemu yake hutoka kwa mdomo kama moshi mzito mweupe, na sehemu hubaki ndani kama masizi. Ndani ya masizi hayo mna chumvi za potasiamu: kabonati, salfeti na salfaidi. Fataki nayo huongeza ya kwake. Fataki nyingi za zamani zilikuwa na kloreti ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani.

Chumvi hizi zina tabia ya kunyonya maji kutoka hewani. Wanaonunua chumvi ya Uvinza wanajua jinsi mfuko unavyolowa majira ya mvua. Chumvi safi ya mezani huanza kuyeyuka kwa unyevu wa hewa pale unyevuanga unapozidi asilimia 75. Kabonati ya potasiamu haingoji kiasi hicho: huanza katika asilimia 43 tu. Katika mwambao wa Kigoma, ambako mvua huanza kunyesha Novemba na kuendelea hadi Aprili, hewa ya usiku na ya alfajiri huvuka kiasi hicho kwa urahisi. Kwa hiyo bunduki iliyopigwa jioni na kuwekwa pembeni huamka asubuhi ikiwa na maji ya chumvi mle ndani, ingawa haikuguswa na tone la mvua.

Masizi hayo hukusanyika zaidi mwisho wa mtutu, mbele ya kizibo, na baadhi yake hupenya kwenye nyuzi. Humo ndani mna upenyo mwembamba sana. Maji ya chumvi yaliyonaswa katika upenyo wa namna hiyo hutumia oksijeni yake haraka, wala haipatikani nyingine ya kutosha kutoka nje. Hapo hutokea kitu kama betri ndogo. Chuma kilicho ndani ya upenyo, penye upungufu wa oksijeni, huwa upande unaoyeyuka. Chuma kilicho nje, penye hewa, hubaki salama. Ndiyo sababu mtutu huweza kuonekana mzima huku nyuzi zikiliwa.

Kutu ina udanganyifu mwingine pia. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zaidi ya mara mbili. Inapojaa kwenye nyuzi hukibana kizibo hata kisiweze kuzungushwa. Mwenye bunduki hujaribu kukigeuza, hukiona kigumu, na huamini kuwa ni imara. Kumbe kinachokishika ni kutu, na kutu ni unga usiohimili kani.

Mafuta juu ya chumvi

Watu wengi huamini kuwa dawa ya kutu ni mafuta. Imani hiyo ni kweli kwa sharti moja, na sharti hilo lilielezwa vizuri na Wilbert Huff wa Ofisi ya Migodi ya Marekani katika ripoti yake ya mwaka 1922. Wakati huo askari na wawindaji walilalamika kuwa bunduki zao zilishika kutu hata baada ya kupakwa mafuta, na wengine walidhani kuwa asidi za baruti hujificha ndani ya vinyweleo vya chuma na kutoka baadaye kama jasho. Huff alionyesha kuwa mkosaji alikuwa kloridi ya potasiamu iliyotoka katika fataki. Chumvi hiyo haiyeyuki katika mafuta. Ukiyapaka juu yake, chumvi hubaki chini, hunyonya unyevu unaopenya taratibu, na kutu huendelea chini ya mafuta. Maji ndiyo yanayoyeyusha chumvi, na kwa hiyo maji ndiyo yanayoiondoa.

Upande wa pili wa somo hili unapatikana Kigoma kwenyewe, katika historia ya meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani, ikafikishwa Kigoma kwa vipande, na kushushwa ziwani mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani walipolazimika kuondoka Kigoma, waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 ili isitekwe. Kabla ya kufanya hivyo mafundi wake walizipaka mashine zake grisi kwa wingi. Meli iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza tena safari za ziwani. Mashine zilizokaa miaka kadhaa chini ya maji zilifaa kukarabatiwa na kutumika, kwa kuwa grisi ilitangulia maji, na haikufunika chumvi ya baruti.

Dalili za kizibo kilichoharibika

Kabla ya uchunguzi wowote hapana budi kujua kama bunduki imeshindiliwa. Magobori ya zamani yamewahi kukutwa yakiwa na baruti iliyowekwa miaka mingi iliyopita, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haipotezi nguvu zake kwa kuzeeka. Njia inayotumiwa na wahifadhi wa makumbusho ni nyepesi. Ufito wa mti huingizwa polepole ndani ya mtutu hadi uishie, na mahali pa mdomo hutiwa alama. Kisha ufito huo hulazwa kando ya mtutu kwa nje. Ukifika usawa wa kizibo, mtutu ni mtupu. Ukiishia mbele yake kwa upana wa vidole kadhaa, kuna kitu ndani. Wakati wote huo hakuna mtu anayesimama mbele ya mdomo wala nyuma ya kizibo. Bunduki yenye kitu ndani haifunguliwi, haichokonolewi, wala haiwekwi karibu na moto. Wanaitwa polisi.

Kama mtutu ni mtupu, dalili zifuatazo huonekana bila kufungua chochote. Mstari mweusi wa masizi kuzunguka kiungo cha kizibo na mtutu unaonyesha kuwa gesi imekuwa ikivuja. Doa jeusi au la kahawia katika ubao nyuma ya kiungo ni ushahidi wa jambo hilohilo. Tundu la moto lililopanuka, au lililopoteza uviringo wake, huonyesha kuwa gesi ya moto imekuwa ikilichonga. Alama iliyopigwa na fundi kuvuka kiungo, isipolingana tena pande zote mbili, huonyesha kuwa kizibo kimesogea. Mkia wa kizibo ulioinuka kutoka katika ubao ni onyo kubwa kuliko yote.

Nyufa hutafutwa kwa njia ambayo mafundi wa karakana wameijua kwa miaka mingi. Chuma kilichosafishwa hupakwa mafuta ya taa, huachwa kwa muda, hufutwa mpaka kikauke, kisha hupakwa chaki iliyokorogwa na spiriti. Mafuta yaliyoingia katika ufa hutoka tena na kuchora mstari juu ya weupe wa chaki.

Lakini dalili zikikosekana, haimaanishi kuwa kizibo ni kizima. Nyuzi hazionekani mpaka kizibo kitolewe, na kukitoa ni kazi ya fundi wa silaha aliyeidhinishwa, mwenye jiliwa na spana inayofaa. Anayekigonga kwa nyundo huharibu hata nyuzi chache zilizosalia.

Kinga

Kinga ya kizibo hufuata mpango mmoja: osha, kausha, paka. Chuma kilichopitiwa na baruti huoshwa kwa maji ya moto siku hiyohiyo, kwa kuwa maji ya moto huyeyusha chumvi upesi na huacha chuma kikiwa na joto la kukikausha. Hufutwa kwa vitambaa mpaka kitambaa kitoke kikavu. Mafuta hufuata mwisho. Nyuzi za kizibo hupakwa grisi kabla ya kurudishwa, ili kuziba ule upenyo mwembamba na kuzuia kizibo kisigande. Katika makumbusho silaha hukaa mahali pakavu, mbali na ukuta unaovuta maji, na mkaguzi huzirudia kila baada ya majira ya mvua.

Jambo jingine halina nafasi ya kujadiliwa. Baruti isiyo na moshi, inayotolewa katika risasi za kisasa, haitiwi kamwe katika gobori. Katika bunduki za kisasa baruti hiyo huzalisha kanieneo ya zaidi ya nyutoni 300 kwa milimita ya mraba, mara sita ya ile iliyotumika katika hesabu yetu. Hakuna kizibo cha gobori kilichokusudiwa kubeba mzigo huo, kiwe kipya au kikuukuu.

Sheria na sayansi zinakubaliana hapa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayosimamia silaha na risasi inataka kila mwenye silaha awe na leseni, na haimruhusu fundi asiye na kibali kuunda wala kukarabati. Mwenye gobori la urithi lisilo na leseni hana njia salama ya kulitumia wala kulificha. Njia iliyo wazi ni kituo cha polisi.

Jaribio la darasani

Somo hili laweza kufundishwa bila bunduki na bila baruti, na hivyo ndivyo inavyopasa. Mwalimu achague misumari minane isiyopakwa zinki, aioshe kwa sabuni na kuikausha. Miwili ipakwe mafuta tu. Miwili ichovywe katika maji ya chumvi, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta. Miwili ichovywe katika maji ya chumvi, ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe, ndipo ipakwe mafuta. Miwili ya mwisho ichovywe katika maji ya chumvi na kuachwa hivyohivyo. Yote itundikwe ndani ya chombo chenye kitambaa kibichi chini yake, kifunikwe, na kutazamwa kila siku kwa muda wa wiki mbili. Wanafunzi waandike ni kundi lipi lililoanza kushika kutu, na walilinganishe kundi la pili na la tatu, kwa maana yote mawili yalitiwa chumvi na yote mawili yalipakwa mafuta.

Kwa jaribio la pili, bolti isiyopakwa zinki ichovywe katika maji ya chumvi, nati ikazwe juu yake, na vyote viachwe katika chombo hicho kwa mwezi mmoja. Kisha nati ifunguliwe. Wanafunzi walinganishe nyuzi zilizokuwa wazi na zile zilizofichwa na nati, na waeleze ni nguvu kiasi gani iliyohitajika kuifungua.

Watakachojifunza hakihusu gobori peke yake. Bolti za injini ya boti inayovua dagaa, nati za gurudumu la baiskeli na viungo vya daraja la chuma hubeba mizigo yao kwa nyuzi zilizofichwa namna hiyohiyo, na huharibika kwa njia hiyohiyo. Mkaguzi mwema haridhiki na sehemu inayong'aa, bali huuliza ni wapi maji na chumvi vinaweza kukaa pasipo kuonekana, na huanza uchunguzi wake hapo.